Kudhibiti Kikwapa kwa Kupunguza Bakteria wa Ngozi

Jasho linapotoka mwilini huwa karibu halina harufu. Kinachonuka ni mabaki ya kazi ya bakteria wanaoishi kwapani, ambao huvunjavunja jasho zito la tezi zinazoanza kufanya kazi wakati wa balehe. Ndiyo maana mtoto mdogo anaweza kushinda juani Chang'ombe akicheza na asitoe kikwapa, ilhali kaka yake wa kidato cha pili akilowa kidogo tu harufu husikika. Wanaoongoza kwa kazi hiyo ni jamii ya Corynebacterium pamoja na Staphylococcus hominis. Inasikitisha kwamba vijana wengi huitwa wachafu wakati wanaoga kila siku, kwa kuwa hakuna aliyewaeleza wanapambana na nini.

Osha makwapa kwa sabuni asubuhi na jioni, hata siku ambayo maji hayatoshi kuoga mwili mzima, kwani jagi moja linatosha kwa kazi hiyo. Hapa Dodoma maji mengi hutoka visimani na ni ya chumvi, hivyo sabuni hukataa kutoa povu na huacha utando juu ya ngozi. Suuza mpaka utelezi uishe, na msimu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, kinga maji ya paa na uyatumie kusuuzia. Usisugue kwa dodoki hadi ngozi ichubuke, maana michubuko hukaribisha maambukizi. Kunyoa au kupunguza nywele za kwapa husaidia pia, kwa kuwa nywele hushika jasho na bakteria pamoja.

Baada ya hapo jifute hadi pakauke kabisa, ndipo upake dawa. Deodoranti hupunguza bakteria na kufunika harufu, lakini dawa ya kuzuia jasho yenye chumvi za alumini huziba vijitundu vya jasho kwa muda, na hufanya kazi vizuri zaidi ikipakwa usiku, wakati jasho ni kidogo. Asiyemudu bei yake atumie jiwe la shabu, alilowanishe na kulipitisha kwapani. Kupulizia manukato juu ya kwapa lisilooshwa hakuwapunguzi bakteria, na mchanganyiko wa harufu hizo mbili huwa mbaya kuliko kikwapa chenyewe.

Harufu ikiendelea, ulizia famasi dawa ya kuoshea yenye benzoili peroksaidi ya asilimia 5, ambayo kwa kawaida hutumika kwa chunusi. Ipake, iache dakika moja au mbili, kisha isuuze vizuri. Anza na mara mbili kwa wiki uone ngozi inavyoipokea, na tumia taulo jeupe kwa sababu dawa hii hupausha rangi. Limao na magadi ninavipinga kabisa: magadi huunguza ngozi, na maji ya limao yakipigwa na jua huweza kuacha malengelenge na madoa meusi.

Nywele zikiwa na chembechembe za njano, ngozi ikiwa na mabaka ya kahawia, au majipu yenye maumivu yakijirudiarudia, nenda ukamwone daktari.

Limebaki suala la nguo, ambalo husahauliwa na wengi. Polista, inayojaa kwenye jezi na mashati mengi ya mitumba, hushika harufu kuliko pamba, na mtu aliyeoga vizuri akiivaa bila kufuliwa ipasavyo huanza kunuka kabla hajafika kituo cha daladala. Igeuze ndani nje, iloweke, sugua kwapa la nguo kwa sabuni, kisha ianike kwenye jua kali. Wakati wa kupiga pasi, harufu ikipanda pale pasi inapopita kwapani, nguo hiyo haijatakata. Irudishe kwenye beseni.