Jinsi ya kuomba chaneli ya shule kwenye kebo: kwa wazazi mlioko Marekani

Wazazi wengi huanza kwa kuipigia simu kampuni ya televisheni ya kebo. Huko ni kupoteza muda. Sheria ya kebo ya Marekani ya mwaka 1984 haikuzipa shule chaneli. Iliupa mji mamlaka ya kuidai kampuni itenge chaneli za wananchi, za elimu na za serikali ya mji, kama sharti la kupata kibali cha kutoa huduma ya kebo mjini. Mji usipodai, kampuni haiwajibiki. Kwa hiyo ombi lenu lipelekeni kwa baraza la mji.

Anzieni kwa karani wa mji. Ombeni nakala ya mkataba wa kibali cha kebo. Ni hati ya umma. Mkiwa Texas au California, kibali hutolewa na jimbo, basi someni pia sheria ya jimbo. Katika mkataba tafuteni idadi ya chaneli za elimu, shule zilizounganishwa, na tarehe ya kibali kuisha.

Hiyo tarehe ndiyo roho ya shughuli nzima. Utaratibu rasmi wa kuhuisha kibali huanza miaka mitatu kabla hakijaisha, na kipindi cha kuuanzisha ni miezi sita tu. Kibali kinachoisha 31 Desemba 2029, kwa mfano, kipindi chake kinaanguka nusu ya kwanza ya 2027. Hapo ndipo mji hukusanya mahitaji ya wananchi. Mji na kampuni wanaweza pia kuelewana nje ya utaratibu huo wakati wowote, ila wananchi lazima watangaziwe na wapewe nafasi ya kutoa maoni. Ukifika mwaka wa mwisho, mara nyingi mambo yameshapangwa.

Kisha andikeni barua kwa baraza, nakala kwa ofisi ya wilaya ya shule. Bora zaidi wilaya itie saini pamoja nanyi, kwa sababu chaneli isiyo na vipindi sheria inaruhusu kampuni iitumie kwa mambo yake. Msiandike "tunaomba chaneli" mkaishia hapo. Sheria inapima mahitaji ya jamii pamoja na gharama yake, kwa hiyo elezeni: watoto wangapi, vipindi gani, nani ataendesha mitambo. Kama shule ina familia nyingi kutoka Kongo, ombeni saa za Kiswahili: usajili, mikutano ya bodi ya shule, matangazo ya kufungwa kwa shule theluji ikizidi. Mama asiyesoma Kiingereza ana haki ya kujua mapema kwamba basi haliji.

Kwenye fedha kuweni makini. Ada ambayo mji hutoza haizidi asilimia 5 ya mapato ghafi ya huduma ya kebo kwa miezi 12. Kamera na vifaa vya studio vinavyotakiwa na mkataba havihesabiwi humo; mishahara huhesabiwa. Kebo ya bure mashuleni nayo, tangu uamuzi wa 2019 wa FCC, tume ya mawasiliano ya serikali kuu ya Marekani, inaweza kukatwa kwenye ada, ingawa mahakama ya rufaa mwaka 2021 ilisema ikatwe kwa gharama inayoiongezea kampuni, si kwa bei ya soko. Mimi ningetanguliza kamera.

Siku ya kikao cha maoni, ombeni mkalimani mapema, semeni kwa ufupi, na mkabidhi barua kwa karani iingie kwenye kumbukumbu. Mvutano ukifika mahakamani, kumbukumbu hizo ndizo zitakazosomwa.