Tafuta namba yako kwenye kiyoyozi, hatua kwa hatua

Nikiitwa nyumbani kwa mtu anayelalamika kwamba kiyoyozi chake hakipozi, kabla sijafungua begi la vifaa huwa naomba rimoti. Mara nyingi nakuta imewekwa 16 au 18. Watoto wamejifunika blanketi mchana kweupe, vioo vya dirisha vimetoka jasho kwa nje, na bado mwenye nyumba anasema hewa ni nzito. Nikipima, mashine ni nzima kabisa. Namba ile haikuchaguliwa na mtu. Ilishushwa siku moja ya joto kali, ikaachwa hapohapo.

Namba inayokufaa hupatikana kwa kuitafuta, na kazi hiyo huchukua siku tatu au nne. Uwe na kipimajoto kidogo cha chumbani, ikiwezekana kile kinachoonyesha na unyevu wa hewa, pamoja na karatasi ya kuandikia.

Kwanza tuelewane kuhusu namba yenyewe. Haielezi ubaridi wa upepo unaotoka. Inaiambia mashine ilifikishe joto la chumba wapi. Kwenye viyoyozi visivyo vya inveta (visivyoweza kubadili mwendo), kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya kupoza, ina mambo mawili tu: kufanya kazi kwa nguvu zote au kusimama. Chumba kikiwa na nyuzi 32, ukiweka 16 au ukiweka 25, safari ya kufika 25 ni ileile na muda ni uleule. Tofauti ni kwamba ile ya 16 haitasimama ikifika. Cha inveta hupunguza mwendo kinapokaribia namba, lakini nacho chumba kikiwa cha moto huanza kwa nguvu bila kusubiri ukitishe na 16.

Hatua ya 1: Hakikisha mashine ni nzima

Fungua mfuniko wa mbele, toa filta, zioshe kwa maji, zianike kivulini zikauke kabisa ndipo uzirudishe. Msimu wa joto fanya hivyo kila baada ya wiki mbili hadi nne. Kisha washa kiyoyozi, subiri dakika 15, pima joto la hewa inayoingia juu ya mashine, halafu pima inayotoka chini. Ikitofautiana kwa nyuzi 8 hadi 12, mashine inafanya kazi yake. Hewa ikiwa na unyevu mwingi sana tofauti hupungua kidogo, maana nguvu nyingine inatumika kukamua maji. Ikiwa tofauti ni nyuzi 3 au 4 tu, usihangaike na namba. Ita fundi aangalie koili (mabomba ya kupozea) na gesi.

Hatua ya 2: Zuia jua kabla ya kupoza

Mchana, weka kiganja karibu na ukuta au dirisha linalopigwa na jua bila kuligusa. Joto unalolisikia linakufikia hata ukiwa umekaa katikati ya chumba, hata kipimajoto kikisema 24. Ndiyo maana mtu anayekaa karibu na dirisha huomba ubaridi zaidi kuliko wenzake. Funga pazia upande wa jua mapema, kabla kioo hakijapata moto. Kivuli kilichowekwa nje ya dirisha ni bora zaidi ya pazia la ndani, kwa sababu jua linazuiwa kabla halijaingia.

Hatua ya 3: Anza na 26

Kwa nini 26? Japani, katika kampeni yake ya Cool Biz iliyoanza mwaka 2005, iliwataka wafanyakazi wa ofisi walegeze mavazi na viyoyozi viwekwe 28. India iliamua kwamba kuanzia mwaka 2020 viyoyozi vya vyumbani vinavyouzwa huko viwake vikiwa kwenye 24. Mimi huanzia katikati yao, na watu wengi hawaendi mbali na hapo.

Weka 26, elekeza upepo juu usimpige mtu moja kwa moja, kisha subiri saa nzima. Kipimajoto kiwe kwenye kimo cha kiti, mbali na jua na mbali na upepo. Hili usilipuuze: kihisi cha mashine kipo juu karibu na dari, nawe umekaa chini. Inaposoma 26 kule juu, pale ulipo panaweza kuwa na 25 au 27. Amini kipimajoto cha pembeni yako.

Hatua ya 4: Pima unyevu

Ningeombwa nifundishe hatua moja tu, ningechagua hii. Mwaka 1902, mhandisi Willis Carrier alibuni mtambo wake wa kwanza wa kiyoyozi kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, Marekani. Shida ya kiwanda ilikuwa karatasi: unyevu wa hewa uliifanya itanuke na kusinyaa, rangi zikawa hazikutani sawasawa. Kazi ya kiyoyozi tangu mwanzo ilikuwa kutoa maji hewani, na mwili wako unakihitaji kwa sababu hiyohiyo. Tunapoa kwa jasho kukauka. Hewa ikishiba maji, jasho linabaki kwenye ngozi, nawe unanata hata kukiwa na baridi.

Soma kipimo. Unyevu wa asilimia 40 hadi 60 ni mzuri. Ukiona 26 na unyevu wa 70, usishushe hadi 20. Utapata chumba chenye baridi ya chepechepe. Badala yake bonyeza ile alama ya tone la maji kwenye rimoti, uiache saa moja. Upepo utapungua, lakini maji yatatoka.

Nilimhudumia mama mmoja aliyenunua mashine kubwa kwa ajili ya chumba kidogo cha kulala, akiamini kubwa ndiyo bora. Ilifika kwenye namba kwa dakika chache, ikasimama, ikawaka tena, ikasimama. Hewa ilipoa upesi mno, maji hayakupata muda wa kutoka, na yeye aliendelea kushusha namba kila usiku. Tulipunguza kasi ya feni ya mashine, tukatumia tone la maji jioni, tukarudisha namba kwenye 25. Kabla sijaondoka nilimtoa nje nikamwonyesha bomba linalotoa maji ya kiyoyozi. Mwanzo lilikuwa linadondosha tone mojamoja, sasa maji yanachuruzika. Nawe liangalie la kwako: siku ya unyevu mkali, bomba kavu wakati kompresa inaunguruma ni dalili mbaya.

Hatua ya 5: Ongeza feni

Feni ya dari au ya mezani ikizungusha hewa taratibu, unaweza kupandisha namba kwa nyuzi 2 hivi bila kusikia tofauti. Feni inapoza ngozi, haipozi chumba, kwa hiyo ukitoka izime. Na kiyoyozi kikiharibika, hewa ya chumbani ikapita nyuzi 40, usitegemee feni, maana hapo inakupulizia moto.

Hatua ya 6: Shuka nyuzi moja moja

Bado unasikia joto? Toka 26 nenda 25. Subiri nusu saa, andika saa, namba, unyevu na unavyojisikia. Namba sahihi ni ile inayokufanya usahau kwamba kiyoyozi kipo. Ukijikuta unatafuta soksi, umepita, panda moja.

Wana nyumba hawatakubaliana, na hakuna mwenye makosa. Aliyekuwa anafanya usafi anachemka kuliko aliyekaa saa mbili. Nafuata anayesikia joto, kwa kiasi, kisha namweka karibu na upepo. Anayesikia baridi huongeza nguo. Nguo za kuvua zina mwisho.

Hatua ya 7: Usiku, na wale wasioweza kusema

Ukilala, joto la mwili hushuka lenyewe. Ndiyo maana 24 iliyokuwa tamu saa nne usiku inakuamsha saa kumi ukitetemeka. Tumia kitufe cha usingizi, chenye alama ya mwezi kwenye rimoti nyingi: hupandisha namba kidogo kidogo usiku unavyosonga. Anza na 25 au 26 na shuka jepesi.

Kwa mtoto mchanga, gusa kifua au shingo kwa nyuma. Vidole vyake huwa vya baridi hata akiwa salama. Mzee naye usisubiri alalamike. Umri unavyokwenda mwili huchelewa kuhisi joto na hutoa jasho kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba wakati wa joto kali chumba kiwe chini ya nyuzi 32 mchana na chini ya 24 usiku, hasa kwa watoto wachanga na wazee. Chumba cha mzee basi hakifuati namba ya sebuleni. Nawaomba sana, bili ya umeme isipunguzwe hapo.

Mkitoka wote kwa saa kadhaa, zima. Kupoza nyumba isiyo na mtu hakuokoi umeme.

Andika namba zako kwenye karatasi, uibandike pembeni ya rimoti. Ya kwangu inasema hivi: mchana 26 na feni; mvua ikikaribia, tone la maji kwa saa moja; usiku 25 na alama ya mwezi; chumba cha mama, 23, na kabla sijalala napita kumgusa shingo.