Gari la familia la haibridi: kaa kiti cha nyuma kabla hujasaini

Gari letu la kwanza la haibridi, yaani lenye injini ya mafuta na mota ya umeme pamoja, nililichagua nikiwa nimeshika usukani. Nililizungusha kama dakika kumi na tano kwenye barabara laini, muuzaji kaketi pembeni anasifia ukimya wa injini, na kweli ilikuwa kimya. Nikasaini. Wiki mbili baadaye mama mzazi alikuja kututembelea, tukamweka nyuma pembeni ya kiti cha mtoto, na njia nzima kutoka uwanja wa ndege mkono wake haukuachia kile kishikio cha juu ya mlango. Tulipofika alishuka taratibu, akanyoosha mgongo, akaniuliza, "Mwanangu, hili gari ulisema ni jipya?"

Lilikuwa jipya. Lilikuwa pia na rimu za inchi 20 zinazong'aa, ambazo niliongeza pesa ili nizipate.

Tangu hapo ndugu na marafiki huku ughaibuni wakiniuliza wanunue haibridi gani, nawauliza kwanza nani atakaa nyuma. Wengi wanakuja na orodha ya matumizi ya mafuta mkononi, na hilo ni jambo la maana. Lakini nimegundua kwamba raha ya safari na thamani ya pesa hukutana mahali ambapo muuzaji hana haraka ya kukupeleka: kwenye toleo la bei ya kati, lenye rimu ndogo.

Ujue kwanza unauziwa haibridi ya aina gani

Neno haibridi siku hizi linabandikwa kila kitu. Kuna haibridi hafifu, mara nyingi ya volti 48, ambayo mota yake inaisaidia injini tu na kwa kawaida haiwezi kulisukuma gari peke yake. Mafuta inayookoa ni kidogo. Kama bei yake imepandishwa kwa sababu ya hiyo nembo ya nyuma, shukuru na uondoke.

Kuna haibridi kamili, inayojichaji yenyewe kwa nguvu ya breki na injini. Toyota Prius ilianza kuuzwa Japani Desemba 1997 kwa mtindo huu, na hadi leo ndio ninaoupendekeza kwa familia nyingi. Halafu kuna haibridi ya kuchomeka, yenye betri kubwa zaidi, inayotembea kwa umeme mtupu makumi ya kilomita kabla ya petroli kushika zamu. Hii ni nzuri mno kwa mwenye soketi karibu na anapoegesha. Kama unapanga ghorofa ya nne na gari linalala barabarani, utakuwa unabeba betri nzito kila siku bila kuichaji. Mwaka 2024 Tume ya Ulaya ilitoa takwimu za magari yaliyokuwa barabarani tayari: kwa wastani haibridi za kuchomeka zilitoa hewa ya ukaa mara 3.5 ya ile iliyopimwa maabara. Sababu kubwa ni hiyo hiyo, watu hawachaji kama ilivyotarajiwa.

Hata haibridi kamili zenyewe haziendeshwi sawa. Toyota hazibadilishi gia kwa hatua. Ukipanda mlima mrefu na watu watano na mizigo, injini inapaa na kubaki palepale ikiunguruma kama mashine ya kusaga. Hyundai na Kia nyingi zina gia sita za kawaida, kwa hiyo mlio unapanda na kushuka kama ulivyozoea. Honda muda mwingi huitumia injini kuzalisha umeme, na mwendo wa barabara kuu ukifika injini huunganishwa na magurudumu moja kwa moja. Katika mfumo wa Nissan wa e-POWER injini haiyagusi magurudumu kabisa, kazi yake ni kuzalisha umeme tu. Kwangu mimi, mwenye mtoto anayetapika safarini, zile zisizo na hatua za gia zina nafuu, maana hakuna ule mshtuko mdogo mdogo wa kubadilisha. Mwingine mlio ule utamkera hadi auze gari. Ndiyo maana mlima uwe sehemu ya majaribio yako.

Raha iko kwenye mpira wa tairi

Soma maandishi ya ubavuni mwa tairi. Chukua Toyota RAV4 ya haibridi, ambayo imeuzwa na tairi za 225/65 R17 na pia 235/55 R19 kulingana na toleo. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni asilimia ya upana huo, ambayo ndiyo urefu wa ubavu wa mpira. Piga hesabu: 65% ya 225 ni kama milimita 146. 55% ya 235 ni kama 129. Kwa hiyo kati ya rimu na shimo la barabara umepoteza milimita 17 za mpira na upepo, yaani ule mto ambao mama yangu aliukosa. Gari ni lile lile, injini ile ile. Mwenye toleo la juu amelipa zaidi ili akae vibaya zaidi.

Na hajamaliza kulipa. Matairi ya inchi 19 na 20 kwa kawaida ni ghali kuliko ya 17, rimu zake hupinda au kupasuka kirahisi zaidi kwenye mashimo, na mahali penye theluji atahitaji seti nyingine ya baridi kwa ukubwa huo huo, isipokuwa rimu ndogo zinaruhusiwa kwenye gari lake. Shida ni kwamba wauzaji wanayafunga mambo pamoja: ukitaka viti vya kupashwa joto na kamera nzuri, unapewa na rimu kubwa. Uliza kama rimu zinaweza kubadilishwa na za toleo la chini kabla hujachukua gari. Wapo wanaokubali bila kelele, kwani zile kubwa wana wa kumuuzia.

Kabla ya kulijaribu gari, omba upepo upimwe. Magari mapya wakati mwingine husafirishwa na upepo mwingi kwenye matairi, na yadi ikisahau kuupunguza utalihukumu gari kwa kosa lisilo lake. Kipimo sahihi kiko kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva.

Baada ya matairi, tazama ekseli ya nyuma. Magari ya bei nafuu mengi yana boriti moja inayoyaunganisha magurudumu mawili ya nyuma; gurudumu la kulia likipiga shimo, la kushoto nalo linahisi. Mengine kila gurudumu linajitegemea. Prius yenyewe iliachana na boriti katika kizazi chake cha nne, cha modeli ya 2016, na waliopanda zote mbili wanaijua tofauti. Huhitaji kuingia chini ya gari. Uliza, au pita taratibu juu ya tuta kwa magurudumu ya upande mmoja tu huku umekaa nyuma.

Sasa hilo la kukaa nyuma. Mwachie mwenzako usukani, na mwende na viti vyenu vya watoto. Vifungeni kabisa kwenye zile ndoano zinazoitwa Isofix Ulaya na LATCH Marekani, kisha mtu mzima ajaribu kukaa katikati na kufunga mkanda. Magari mengi yanayotangazwa kuwa ya watu watano yanashindwa mtihani huu, kwa sababu kibonyezo cha mkanda kinafunikwa na kiti cha mtoto. Angalia paja lako: likining'inia hewani kwa sababu kiti ni kifupi, mzee hatavumilia saa tatu. Angalia kama kuna tundu la kiyoyozi huko nyuma. Ingieni barabara kuu, maana mjini kila haibridi ni tulivu. Ikifika kilomita 110 kwa saa kinachosikika ni matairi na upepo, na hapo ndipo unajua kama mtoto atalala.

Familia ya sita au saba isijidanganye na safu ya tatu ya viti ya gari la juu lenye umbo la jeep. Mtu mzima akikaa pale magoti yanakaribia kidevu. Minivani ndiyo jibu, na sisi wanaume tunaikimbia kwa sababu ya sura tu. Toyota Sienna inayouzwa Marekani ni haibridi pekee tangu modeli ya 2021, na sakafu yake iko chini kiasi kwamba mzee anaingia bila kupanda, mlango unateleza wenyewe.

Hesabu ya mafuta, na mtego wa galoni

Ukoo wetu umetawanyika nchi tatu, na kwenye kundi letu la WhatsApp kuna shemeji aliyeko Uingereza anayetamba kwamba gari lake linakwenda maili 50 kwa galoni, huku la binamu aliyeko Marekani likienda maili 45. Shemeji hajui kwamba galoni ya Uingereza ni lita 4.55 na ya Marekani ni lita 3.79. Ukizigeuza, yeye anatumia lita 5.65 kwa kilomita 100, binamu anatumia 5.2. Anayejisifu ndiye anayechoma zaidi. Ukisoma maoni mtandaoni, geuza kila kitu kiwe lita kwa kilomita 100: gawanya 282 kwa maili za Uingereza, au 235 kwa maili za Marekani.

Ukishapata hizo, mambo ni mepesi. Tuseme gari la petroli linakula lita 8 na haibridi yake lita 5. Ukitembea kilomita 15,000 kwa mwaka umeokoa lita 450. Zidisha kwa bei ya mafuta ya unapoishi, kisha chukua tofauti ya bei za magari hayo mawili uigawe kwa jibu. Ukipata miaka mitatu au minne, nunua. Ukipata tisa, unanunua ukimya na si akiba, na si vibaya, ilimradi unajua. Anayetembea mjini kwenye foleni anafaidi zaidi. Anayekula barabara kuu kila siku anafaidi kidogo, kwani breki ndizo zinazorudisha umeme na yeye hapigi breki. Wakati wa baridi kali matumizi yatapanda, injini italazimika kuwaka ili hita ipate moto. Usiende gereji kulalamika.

Kinachowaumiza wageni zaidi ni mkopo. Historia yako ya mikopo ikiwa bado changa utapewa riba ya juu, na riba hiyo inaweza kumeza mafuta yote utakayookoa. Muuzaji atataka mzungumze malipo ya kila mwezi. Wewe omba jumla utakayokuwa umelipa hadi siku ya mwisho. Uliza bima kabla ya kusaini, si baada. Sehemu nyingine haibridi zinaandamwa na wezi wa kichujio cha moshi kilichoko kwenye ekzosi, kwa sababu ya madini ya paladi na rodi yaliyomo, na kampuni za bima zinalijua hilo.

Ukinunua lililotumika

Wengi wetu tunaanzia hapa. Betri kubwa inawatisha watu kuliko inavyostahili. Marekani, Toyota wameipa dhamana ya miaka 10 au maili 150,000 kuanzia modeli za 2020, na kampuni nyingine nyingi huko hutoa miaka 8 au maili 100,000. Omba karatasi ya kipimo cha betri. Kwenye Prius za kizazi cha pili na cha tatu betri ni moduli 28 zilizopangwa kama vitabu. Fundi akikwambia amebadilisha moja iliyokufa, jua zilizobaki zina umri ule ule na zinakaribia.

Tafuta tundu la hewa pembeni au chini ya kiti cha nyuma. Magari mengi ya Toyota yana feni pale inayoipoza betri, na kichujio chake. Kitoe, ukiangalie mwangani. Nilikagua gari moja lililong'aa kama kioo, kichujio kikatoka kimevaa manyoya ya mbwa kama blanketi. Betri ile ilikuwa imepikwa miaka. Ukishalichukua gari lako, usizibe tundu hilo kwa masanduku ya safari wala blanketi la mtoto.

Historia ya ukaguzi wa magari ya Uingereza inapatikana bure mtandaoni kwenye tovuti ya serikali, ukiwa na namba ya gari tu. Kilomita zilizorudishwa nyuma zinaonekana palepale. Marekani, herufi na namba 17 za utambulisho wa gari zitakuonyesha kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya serikali ya usalama barabarani, kama kuna marekebisho ya kiwandani ambayo hayajafanywa. Fungua pia sakafu ya buti: haibridi nyingi hazina tairi la spea, kuna chupa ya gundi na pampu basi. Gundi haizibi ubavu uliochanika.

Na la mwisho, kwa wanaokwenda nyumbani wiki sita. Haibridi ina betri ndogo ya volti 12 inayoamsha kompyuta, na hiyo ndiyo inayokufa gari likikaa, hata kama ile kubwa imejaa. Mwachie jirani ufunguo aliwashe hadi neno "Ready" litokee, akiliacha hivyo kama saa moja kila wiki. Injini itawaka na kuzima yenyewe humo humo, kwa hiyo mwambie alifanye likiwa nje kwenye hewa, kamwe si ndani ya banda lililofungwa. Kama huna jirani wa namna hiyo, nunua chaja ndogo ya kuacha imechomekwa, au fundi akuonyeshe jinsi ya kuchomoa waya wa hasi. Mahali pa betri hiyo pajulikane mapema: kwenye magari mengi iko nyuma, ndani ya buti, na buti lenyewe hufunguliwa kwa umeme.