Mama aliyefiwa na kichanga: usisahau maziwa

Mimi ni mkunga. Mama akijifungua mtoto aliyefariki, mtafutie kitanda mbali na vichanga wanaolia. Keti, kisha useme: "Mtoto amefariki, pole sana mama." Usimwambie atapata mwingine. Muulize kama angependa kumpakata; mfunge mtoto kwa khanga aliyokuja nayo. Baba naye aulizwe, asiachwe koridoni na karatasi.

Halafu maziwa. Hili tunalisahau mno! Mama mmoja aliniambia blauzi ililowa katikati ya msiba, hakuna aliyekuwa amemwonya. Siku ya 2 hadi ya 4 matiti hujaa. Mweleze kabla hajaruhusiwa: avae sidiria inayoshika vizuri, aweke kitambaa cha maji baridi, akamue kidogo tu yakiuma. Titi likiwa jekundu au akipata homa, arudi haraka.