Brasi Ikiingia Weusi: Soma Rangi Kabla ya Kushika Limau

Wengi wanaoleta bangili kwa mafundi wa jua kali hapa Nairobi hudhani brasi ikiwa nyeusi basi waliuziwa feki. Sivyo. Brasi ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, na hiyo shaba haikosi kubadilika ikikutana na hewa, unyevu na jasho.

1. Itazame juani. Hudhurungi ni oksidi: oksijeni imeshikana na shaba juu juu tu. Weusi wa makaa mara nyingi huletwa na salfa ya hewani. Ngozi hizo ni nyembamba, tena hukinga kiasi brasi iliyo chini. Kijani ni kazi ya chumvi au asidi, na hiyo usiiache ikae. Ukiona waridi yenye vishimo, zinki imeliwa. Hakuna limau litakaloirudisha.

2. Osha kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo. Asidi ya limau haipiti kwenye mafuta. Kama ni bangili ya nyanya yako, ningeishia hapa. Weusi wake ni umri wake.

3. Limau. Likamue, ongeza maji, tumbukiza dakika chache huku ukisugua kwa mswaki laini. Usilaze usiku kucha, maana asidi ikishamaliza oksidi hugeukia zinki. Suuza, pitisha kwenye maji yenye magadi kidogo, suuza tena.

Dawa za kung'arisha zenye amonia ziogope, hasa kwa kitu kilichokunjwa au kugongwa bila moto. Zamani, jeshi la Uingereza lilipokuwa India, maganda ya risasi yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi yalipasuka yenyewe msimu wa mvua. Maganda hayo ni brasi, takriban shaba 70 kwa zinki 30, na kutengenezwa kwake huacha mkazo ndani. Amonia ya mkojo wa farasi, ikisaidiwa na unyevu, iliipasua brasi yenye ule mkazo. Dawa ikawa kuyapasha moto kiasi ili mkazo ulegee. Bangili iliyokunjwa kwa nyundo ina mkazo uleule.

4. Kausha kabisa, kisha paka nta ya nyuki kwa kitambaa, nyembamba sana.

5. Ihifadhi pakavu, hasa msimu wa mvua, Machi hadi Mei. Usiifunge kwa raba: nyingi zina salfa, na zitakuachia mstari mweusi pale zilipokaza.