DS Lite ya mtumba, kadi ya R4 na sinema za VJ

Nintendo DS Lite, mashine ndogo ya michezo ya mkononi yenye skrini mbili, iliuzwa kuanzia 2006 bila tundu la memori na bila programu ya kuchezea sinema. Kinachoifungua ni kadi ya R4: kaseti ya umbo lilelile la mchezo wa DS, inaingia tundu la juu, na yenyewe ina nafasi ya memori ya microSD. Simu ya bei ndogo hucheza video vizuri zaidi, hilo halina ubishi. Hii ni kazi ya wapenzi wa mashine.

Anza na chaja kabla ya kitu chochote. Igeuze usome maandishi madogo. Chaja asilia ya DS Lite ya Japani imeandikwa 100V, ya Marekani 120V, na umeme wa Uganda ni 240V. Ukiichomeka, imekwenda. Adapta ya plagi haikuokoi, maana inabadilisha meno tu, volti zinabaki zilezile. Tafuta waya wa USB wenye kichwa cha DS Lite. Chaja asilia hutoa volti 5.2, kwa hiyo volti 5 za chaja ya simu au za sola yenye tundu la USB zinatosha. Waya wa DSi au 3DS una kichwa kingine, usiulazimishe.

R4 ya kwanza kabisa inasoma memori za hadi GB 2 tu. Zilizoandikwa SDHC zinasoma hadi GB 32. Kwa matumizi haya GB 8 ni nyingi, na memori iliyozidi GB 32 huja na mfumo wa mafaili wa exFAT ambao R4 haiusomi. Memori bandia zimejaa mitaani, kuanzia meza za soko la Owino, Kampala, hadi maduka makubwa ya simu: kadi inajitangaza GB 32, kumbe ina 4, na ukivuka hapo mafaili yanaharibika kimyakimya. Ukinunua memori, ipime yote kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux. Kwa GB 16 kipimo kinaweza kuchukua saa nzima. Kisubiri. Lawama nyingi zinazotupiwa R4 ni za memori.

Ikipita kipimo, ifomati FAT32 (ile ya GB 2 iwe FAT16), ukichagua vipande (allocation unit size) vya KB 32. Kisha keneli, yaani menyu ya R4 yenyewe:

1. Soma anwani ya tovuti iliyochapishwa kwenye lebo ya R4. Nakala za R4 ni nyingi na kila moja ina keneli yake. Ya jirani yako haitafaa kwa sababu tu rangi zinafanana.
2. Fungua faili la zipu, nakili vilivyomo moja kwa moja kwenye memori, si ndani ya folda mpya. Kwenye R4 ya kwanza lazima faili _DS_MENU.DAT lionekane mara tu unapofungua memori.
3. Toa memori kwa utaratibu kwenye kompyuta, iweke kwenye R4, washa.

Skrini ikiganda kwenye neno Loading, keneli siyo yake au imewekwa ndani ya folda. Skrini zote mbili zikibaki nyeupe, angalia meno ya shaba ya R4: yafute kwa kitambaa chenye spiriti, yakauke, jaribu tena. Kuna pia ugonjwa wa ajabu kidogo: baadhi ya nakala zimetegeshwa kugoma baada ya tarehe fulani, ili ununue mpya. Rudisha saa ya DS nyuma miaka kadhaa kwenye mipangilio. Ikiwaka, umeshajua tatizo.

Sasa sinema. Programu ya kuchezea ni Moonshell, nayo hupiga pia MP3 na kuonyesha picha. Prosesa kuu ya DS ina kasi ya MHz 67 na haina saketi ya kufungua video, kwa hiyo MP4 uliyopakiwa dukani haitacheza hata kidogo. Lazima igeuzwe kuwa DPG, aina ya faili la video la Moonshell, ambayo ndani yake ni MPEG-1, kazi nyepesi. Tumia BatchDPG kwenye Windows au dpg4x kwenye Linux. Upana 256, urefu 192. Sinema pana iwe 256 kwa 144, vinginevyo watu watarefuka nyuso. Fremu 20 kwa sekunde, video kb (kilobiti) 256 kwa sekunde, sauti kb 96. Kwa viwango hivyo saa moja na nusu inakula takriban MB 240, na GB 8 inabeba sinema thelathini na zaidi.

Hapa sinema za ma-VJ, wale wanaosimulia filamu za kigeni kwa lugha ya watazamaji, zina faida: maelezo yanasikika, wakati maandishi ya chini hayasomeki kwenye skrini ndogo hivyo. Usiishushe sauti chini ya kb 96, kwani VJ anaongea juu ya milio ya risasi na maneno yatamezwa. Picha ikikwamakwama, shusha fremu hadi 15 kabla ya kugusa kingine. Ikiendelea, hamisha kila kitu kwenye kompyuta, fomati upya, nakili tena. Mafaili yaliyofutwa na kuandikwa mara nyingi hutawanyika vipande vipande na R4 inachelewa kuyafuata.

Programu za watunzi huru huja kama faili la .nds. NitroTracker hutunga muziki; ScummVM huendesha michezo ya zamani ya kompyuta, na tovuti yake hutoa bure michache iliyoruhusiwa na wenyewe. Zinahitaji draiva ya DLDI ili zijue namna ya kusoma memori ya kadi yako. R4 nyingi huibandika zenyewe. Programu ikifunguka lakini isione mafaili yake, ibandike kwa dlditool ukitumia draiva ya kadi hiyo (ya R4 ya kwanza ni r4tf.dldi), au ifungulie kupitia nds-hb-menu, menyu ya kuanzishia programu hizi. Soma pia maelezo yake: nyingine hutaka folda yao ionekane mara tu unapofungua memori, si ndani ya folda nyingine, na ukiihamisha hazisemi kosa, zinazima tu.

DSi na 3DS hukataa R4 nyingi za DS Lite, basi kabla ya kulipa hakikisha jina la mashine yako limeandikwa kwenye kasha.