Ukipotea kwenye darasa la djembe, itafute kenkeni

Ukijiunga na darasa la djembe, ngoma ya Wamandinka wa Guinea na Mali, usihangaike kumfukuzia mwalimu kwa kasi. Tega sikio kwenye dunun, zile ngoma zinazopigwa kwa fimbo. Iliyo ndogo kuliko zote, kenkeni, kwa kawaida hurudia pigo lilelile mwanzo mpaka mwisho. Ukipotea, acha kupiga, isikilize hiyo, imba mdundo wako kwa mdomo, ndipo uingie tena. Hakuna atakayekucheka; anayekera wenzake ni yule anayeng'ang'ania huku yuko nje ya mdundo. Pete vua kabisa, zinaumiza vidole na kuchana ngozi. Besi nayo, ile sauti nzito ya djembe, ipige katikati kwa kiganja kizima, mkono uinuke papo hapo. Ukiuacha, sauti inafia humo humo.